Sura ya Kujichagulia: Wahusika wa Michezo ya Mtandaoni na Afya ya Akili ya Mchezaji

Katika michezo ya uigizaji inayochezwa mtandaoni na watu wengi kwa pamoja, mchezaji haingii uwanjani na mwili wake. Kabla ya pambano la kwanza, na kabla hajasalimiana na yeyote, hutakiwa kuumba mhusika atakayemwakilisha: mwanamume au mwanamke, binadamu au kiumbe wa hadithi, mrefu au mfupi, mwenye ngozi, macho, nywele, makovu na mavazi atakayoyachagua mwenyewe. Wapo wanaoimaliza kazi hiyo kwa dakika mbili. Wapo pia wanaokesha nayo, wakiinua nyusi kidogo, wakipunguza kidevu kidogo, kisha wakafuta kila kitu na kuanza upya.

Mzazi anayemwona mwanawe katika hali hiyo hudhani kwamba muda unapotea bure. Mhudumu wa afya naye, akielezwa kwamba kijana aliyeletwa kwake hucheza saa sita kwa siku, huandika idadi ya saa kwenye jalada na kuhamia swali linalofuata. Makala haya yanawaalika wahudumu wa afya, wagonjwa na familia zao kuongeza swali moja baada ya lile la saa: mhusika wako anafananaje, na kwa nini ulimuumba hivyo? Jibu la swali hilo halitambui ugonjwa wowote peke yake. Hata hivyo, hufungua mlango ambao maswali yetu ya kawaida huugonga bila kuitikiwa.

Usione vyaelea, vimeundwa

Michezo ya aina hii ilianza bila sura yoyote. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuunda mchezo ulioitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Watu kadhaa waliweza kuucheza kwa wakati mmoja kwa maandishi matupu. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, akaandika amri, na umbo la mhusika wake likabaki katika mawazo.

Mwaka 2004 ulitoka mchezo wa World of Warcraft wa kampuni ya Marekani ya Blizzard Entertainment, ambao ulimpa mchezaji machaguo machache ya uso, nywele na rangi ya ngozi. Mwaka huohuo mchezo wa City of Heroes ulisifika kwa uhuru mkubwa uliowapa wachezaji wa kubuni mwili na vazi la shujaa. Muongo mmoja baadaye, Black Desert Online kutoka Korea Kusini ilimwezesha mchezaji kushika sehemu ndogo ya uso, kama vile ncha ya pua au kona ya mdomo, na kuivuta, kuipanua au kuizungusha atakavyo.

Yafaa msomaji aelewe kidogo namna jambo hili linavyofanyika, kwa kuwa lina matokeo hata nyumbani. Uso wa mhusika ni wavu wa pembetatu ndogo ndogo zilizounganishwa, na juu ya wavu huo hutandazwa picha ya ngozi. Mchezaji anapobadili kipimo cha upana wa pua, programu huzihamisha nukta za wavu zilizo katika eneo hilo. Mwishoni maamuzi yake yote huhifadhiwa kama orodha ya tarakimu. Kwa kawaida seva ya mchezo haitumi picha ya mhusika kwa wachezaji wengine; hutuma tarakimu hizo, na kifaa cha kila mchezaji ndicho kinachomchora mhusika upya. Ndiyo maana mhusika yuleyule huonekana na vinyweleo na mng'aro wa macho katika kompyuta yenye nguvu, na akaonekana kama kinyago cha udongo katika simu ya bei nafuu.

Kijana anayewasumbua wazazi wake wamnunulie simu mpya ili mhusika wake apendeze mbele ya wenzake yafaa aelezwe jambo hilo kwa upole. Simu mpya itabadili kile anachokiona yeye. Wenzake wataendelea kumwona mhusika huyo kwa ubora wa vifaa vyao wenyewe. Maelezo kama haya, yanayotolewa na mtu aliyejishughulisha kuuelewa mchezo, husikilizwa kuliko karipio.

Nafsi tuliyonayo na nafsi tunayoitamani

Mwaka 1987 mwanasaikolojia E. Tory Higgins alieleza kwamba kila mtu hubeba picha kadhaa za nafsi yake. Ipo nafsi halisi, yaani jinsi anavyojiona sasa. Ipo nafsi anayoitamani, yaani jinsi ambavyo angependa kuwa. Ipo pia nafsi anayowajibika kuwa nayo, yaani jinsi anavyodhani kwamba analazimika kuwa mbele ya jamii. Kwa mujibu wa nadharia yake, pengo kubwa kati ya nafsi halisi na nafsi inayotamaniwa huambatana na huzuni na kukata tamaa. Na pengo kati ya nafsi halisi na ile ya wajibu huambatana na wasiwasi na hatia.

Ukurasa wa kuumba mhusika ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mtu hupewa fursa ya kuichora nafsi anayoitamani na kuipa mikono na miguu. Mwaka 2007 watafiti Katherine Bessière, Fleming Seay na Sara Kiesler walichapisha utafiti uliowahusu wachezaji 51 wa World of Warcraft. Kila mmoja aliombwa aeleze tabia zake mwenyewe, tabia za mhusika wake, na tabia za mtu ambaye angependa kuwa. Kwa wastani, wahusika walikuwa karibu zaidi na nafsi inayotamaniwa kuliko walivyokuwa wachezaji wenyewe. Aidha, tofauti hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa wachezaji ambao hali yao ya kisaikolojia ilikuwa duni, wakiwamo wale wenye dalili za sonona au wasiojithamini.

Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Washiriki walikuwa wachache, na utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kipi ni chanzo na kipi ni tokeo. Haufai kutumiwa kusema kwamba mhusika mzuri humtia mtu sonona, wala kwamba humponya. Unachotufundisha ni kwamba mgonjwa ambaye hawezi kutamka "sijipendi" huenda akaweza kueleza kwa furaha jinsi mhusika wake alivyo jasiri, anavyopendwa na anavyosikilizwa. Msikilizaji makini atasikia mambo mawili kwa pamoja: sifa za mhusika, na upungufu ambao mgonjwa anauona ndani yake.

Tahadhari nyingine inahusu tafsiri za haraka. Ni jambo la kawaida kwa wachezaji wanaume kuchagua mhusika wa kike. Baadhi hufanya hivyo kwa kupenda kuangalia umbo hilo kwa saa nyingi za mchezo, baadhi kwa sababu ya mavazi, baadhi kwa kujaribu uzoefu mwingine. Vivyo hivyo, mchezaji anayechagua zimwi lenye meno marefu huenda anapenda nguvu ambazo mchezo umelipa zimwi hilo, basi. Mhudumu asikimbilie kufasiri. Amwachie mchezaji mwenyewe aeleze.

Sura humbadili aliyeivaa

Kwa kawaida tunafikiri kwamba mavazi na sura hubadili jinsi wengine wanavyotuona. Watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani walionyesha kwamba hubadili pia jinsi tunavyojiendesha sisi wenyewe. Katika majaribio waliyoyachapisha mwaka 2007, washiriki walivalishwa miwani maalumu iliyowaingiza katika chumba cha kompyuta, wakajitazama katika kioo cha chumba hicho na kuona sura waliyopewa. Baadhi walipewa sura ya kuvutia, wengine isiyovutia. Kisha wakakutana na mtu mwingine ndani ya chumba hicho. Wale waliopewa sura ya kuvutia walimsogelea zaidi na wakaeleza mambo yao kwa uwazi zaidi.

Katika jaribio la pili tofauti ilikuwa ya kimo. Washiriki waligawana fedha kwa majadiliano. Waliopewa mwili mrefu walipendekeza mgawanyo wa kujipendelea zaidi. Waliopewa mwili mfupi walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kukubali mgawanyo usio wa haki. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtu waliyekutana naye hakujua wamepewa sura gani. Mabadiliko hayakutokana na namna walivyotendewa. Yalitokana na mwili waliojiona nao. Watafiti waliita hali hiyo athari ya Proteus, kwa jina la mungu wa Wagiriki wa kale aliyeweza kujigeuza umbo.

Kwa sisi tunaowahudumia watu wenye makovu ya moto, waliokatwa viungo, wenye maradhi ya ngozi yanayoonekana au waliopungua uzito kwa saratani, matokeo haya yana uzito. Mgonjwa aliyejikunja, anayezungumza akitazama sakafu, hajapoteza uwezo wa kuzungumza na watu. Inawezekana kwamba katika chumba kingine, akiwa na mwili mwingine, ndiye anayeongoza kikosi cha watu ishirini. Uwezo huo ni wake. Mhusika hakumletea kutoka nje. Alimpa ruhusa ya kuutumia. Kazi yetu ni kumsaidia aupate pia katika chumba hiki.

Ibelin wa Norwei

Mfano ulio wazi zaidi katika kumbukumbu za hadharani ni wa kijana wa Norwei aliyeitwa Mats Steen. Alizaliwa mwaka 1989 akiwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli wa aina ya Duchenne. Ugonjwa huu husababishwa na hitilafu katika jeni ya protini iitwayo distrofini, jeni iliyo katika kromosomu X. Kwa sababu hiyo huwapata zaidi watoto wa kiume. Misuli hudhoofika hatua kwa hatua. Watoto wengi hushindwa kutembea wakikaribia au wakivuka kidogo umri wa miaka kumi, kisha udhaifu huifikia misuli ya kupumua na moyo.

Mats aliishi katika kiti cha magurudumu, na katika miaka ya mwisho alibakiwa na uwezo mdogo wa kusogeza vidole. Inakadiriwa kwamba katika muongo wa mwisho wa maisha yake alicheza World of Warcraft kwa saa kati ya 15,000 na 20,000. Wazazi wake walimpenda na kumtunza, lakini walihuzunika kwa kuamini kwamba mtoto wao hakuwahi kupata rafiki, hakuwahi kupenda, wala kuwa na manufaa kwa mtu yeyote nje ya nyumba yao. Alifariki Novemba 2014 akiwa na umri wa miaka 25.

Mats alikuwa akiandika habari zake katika ukurasa wake wa intaneti. Baada ya kifo chake baba yake alitumia ukurasa huo kuwatangazia wasomaji msiba, akaacha anwani ya barua pepe. Barua zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, kutoka nchi mbalimbali. Waandishi walimlilia mtu aliyeitwa Ibelin: mwungwana na mpelelezi mwenye mwili wenye nguvu, aliyependa kukimbia, kutania na kusikiliza. Walieleza jinsi alivyowashauri katika huzuni zao. Mama mmoja wa Denmark alieleza jinsi Ibelin alivyomsaidia kumkaribia mwanawe mwenye usonji kupitia mchezo huohuo. Baadhi ya wachezaji walisafiri kutoka nchi nyingine za Ulaya kuja kumzika mtu ambaye hawakuwahi kumwona uso kwa uso. Mwaka 2024 mwongozaji Benjamin Ree alitoa filamu kuhusu maisha hayo.

Kuna funzo la kitabibu hapa. Kwa muda mrefu Mats hakuwaeleza wenzake kuhusu ugonjwa wake. Alianza kuuandika hadharani mwaka 2013. Kwa miaka hiyo yote watu walimpokea kwanza kama mtu, bila kiti na bila huruma. Mgonjwa wa muda mrefu hupokelewa kila mahali kama mgonjwa: hospitalini, shuleni, katika sherehe za ukoo. Ndani ya mchezo alipata mahali ambapo ugonjwa haukutangulia jina lake. Hatumsifu Mats kwa kuficha, wala hatusemi kwamba kila mgonjwa afungiwe chumbani na kompyuta. Tunasema kwamba jalada lenye maneno "hucheza saa kumi kwa siku, hana marafiki" lingekuwa na kosa katika nusu yake ya pili. Na kosa hilo lingewafanya wazazi wabebe huzuni ambayo ukweli ungeipunguza wakati mtoto angali hai.

Yule ambaye hajioni

Uhuru wa kuchagua sura una mipaka iliyowekwa na waliotengeneza mchezo. Kwa miaka mingi wachezaji weusi walikuta katika michezo mingi rangi chache za ngozi zilizofanana na zao na mitindo michache ya nywele za kipilipili, huku uso wenyewe ukiwa umechongwa kwa kufuata sura za Kizungu. World of Warcraft ilingoja hadi mwaka 2020, miaka kumi na sita baada ya kutoka, ndipo ilipoongeza kwa upana rangi za ngozi, nywele na sura za binadamu wenye asili ya Afrika na Asia.

Katika mwelekeo huohuo, mchezo wa kuiga maisha uitwao The Sims 4, ambao huchezwa na mtu mmoja, uliongeza mwanzoni mwa mwaka 2023 vifaa vya kusaidia kusikia na vifaa vya kupima sukari vinavyobandikwa mwilini, na mwaka 2024 ukaongeza mabaka ya vitiligo. Baldur's Gate 3 wa mwaka 2023, ambao ni wa watu wazima na huweza kuchezwa na watu kadhaa mtandaoni, nao humruhusu mchezaji kumpa mhusika wake vitiligo.

Huenda msomaji akauliza: nani, akipewa nafasi ya kuchagua ngozi yoyote, atachagua yenye mabaka? Wapo wanaochagua. Vitiligo haiambukizi na haiui, lakini humfanya mtu atazamwe kila apitapo. Kwa msichana ambaye hajawahi kuona shujaa mwenye ngozi kama yake, kumwona shujaa huyo akishinda, akiheshimiwa na kuitwa mrembo ni tukio kubwa. Mwenzake mwenye ugonjwa huohuo atapenda kuupumzisha mwili wake na kuvaa ngozi isiyo na doa. Wote wawili wanatumia haki yao. Asilaumiwe wa kwanza kwa kung'ang'ania ugonjwa, wala wa pili kwa kujikana.

Sura inapotumiwa kama tiba

Uumbaji wa sura kwenye kompyuta umeingia hata katika matibabu. Mwaka 2008 daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa London, Julian Leff, alibuni njia ya kuwasaidia wagonjwa wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mara nyingi kutokana na skizofrenia. Mgonjwa, akisaidiwa na mtaalamu, huumba kwenye kompyuta uso wa yule anayedhani ndiye mwenye sauti inayomtesa, kisha huchagua sauti inayofanana nayo. Mtaalamu hukaa chumba kingine na kuzungumza kwa zamu, mara kwa sauti yake mwenyewe akimtia moyo mgonjwa, mara kwa sauti ya uso ule. Kadiri vikao vinavyoendelea, mgonjwa hujifunza kuujibu, na uso ule hulegea na kukubali kushindwa.

Matokeo ya utafiti uliofanyika London kwa watu 150 yalichapishwa katika jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2018. Baada ya majuma 12, waliopata tiba hii walikuwa wamepata nafuu kubwa zaidi ya sauti kuliko waliopata ushauri nasaha wa kawaida; baada ya majuma 24 tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuonekana tena. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2024 ulihusisha watu 345, nao ulionyesha nafuu katika juma la 16, ingawa si nafuu yote iliyodumu hadi juma la 28. Tiba hii haiondoi haja ya dawa, na huhitaji mtaalamu aliyefunzwa. Mgonjwa asijaribu kuifanya mwenyewe nyumbani. Tunaitaja kwa kuwa inathibitisha jambo moja: kuipa hofu uso, kisha kuzungumza na uso huo, ni kazi halisi ya akili.

Mipaka ya afya na ugonjwa

Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliidhinisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambalo lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Ndani yake umo ugonjwa unaotokana na uchezaji wa michezo ya video na ya mtandaoni. Una alama tatu. Kwanza, mtu hushindwa kudhibiti lini aanze, acheze kwa muda gani na lini aache. Pili, mchezo hupewa kipaumbele kiasi cha kuzipita shughuli nyingine za maisha. Tatu, huendelea au huzidi licha ya madhara yanayoonekana. Hali hiyo sharti iharibu kwa kiwango kikubwa maisha ya familia, masomo, kazi au mahusiano, na kwa kawaida iwe imedumu angalau miezi 12. Zingatia kwamba wingi wa saa peke yake hautoshi, na uzuri wa mhusika haumo kabisa katika vigezo.

Yapo, hata hivyo, mambo matatu yanayohusu sura ambayo yanastahili uangalizi.

La kwanza ni chuki dhidi ya mwili halisi. Upo ugonjwa wa akili ambao humfanya mtu ateswe na kasoro ya mwili ambayo wengine hawaioni au huiona ndogo mno. Mara nyingi huanza katika ujana. Mgonjwa hukagua kioo mara nyingi kwa siku au hukikwepa kabisa, hujificha, na hutafuta upasuaji au vipodozi ambavyo havimridhishi. Hatusemi kwamba michezo huuleta ugonjwa huu. Lakini kijana anayesema kwamba anataka kuufanya uso wake ufanane na wa mhusika wake, na ambaye ameanza kujichubua, apimwe. Vipodozi vyenye zebaki hudhuru figo, ilhali ugonjwa wenyewe unatibika kwa tiba ya mazungumzo na, inapohitajika, kwa dawa.

La pili ni fedha. Michezo mingi haitozi kiingilio. Hujiendesha kwa kuuza mavazi, nywele na mapambo ya wahusika. Mengine huuzwa ndani ya visanduku vya bahati nasibu, ambavyo mnunuzi hulipia bila kujua atapata nini. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha nchini Ubelgiji iliamua kwamba baadhi ya visanduku hivyo ni kamari. Mzazi mwenye mtoto anayecheza kwa simu iliyounganishwa na akaunti ya fedha aweke namba ya siri ya malipo na asimpe mtoto.

La tatu ndilo zito zaidi. Mgonjwa akieleza kwamba mhusika wake ndiye anayestahili kuishi, na kwamba mwili huu wa kweli hauna thamani, mhudumu aache habari za mchezo na aulize waziwazi kuhusu mawazo ya kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo; humpa nafasi ya kulisema. Mgonjwa mwenye mawazo hayo asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Maswali ya kuuliza

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa mhudumu wa afya mwenye dakika kumi tu, maswali yafuatayo yanatosha kuanzia. Yaulizwe kijana akiwa peke yake kwa sehemu ya mazungumzo, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua.

1. Mhusika wako anafananaje? Ulitumia muda gani kumuumba?
2. Mnafanana katika lipi, na mnatofautiana katika lipi?
3. Nani wanamfahamu huko mtandaoni? Je, wanakufahamu pia wewe?
4. Ukizima mchezo na kujitazama kioo, unajisikiaje?
5. Ni jambo gani analoliweza yeye ambalo ungependa kuliweza wewe juma hili?

Swali la tano ndilo lenye tiba ndani yake. Kijana akijibu kwamba mhusika wake husalimia watu bila woga, lengo la juma ni kumsalimia mtu mmoja. Akijibu kwamba mhusika wake hukimbia, na yeye hana miguu ya kukimbia, basi mazungumzo yahamie kwenye kile ambacho kukimbia kunampa: uhuru, upepo, kuwa pamoja na wengine. Kisha itafutwe njia ya kumpatia walau sehemu yake. Kwa mwenye udhaifu wa mikono, itafutwe namna ya kumrekebishia kifaa cha kuchezea. Tangu mwaka 2018 Microsoft huuza kidhibiti kilichoundwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na fundi wa viungo saidizi anaweza kubuni msaada mdogo kwa vifaa alivyo navyo.

Kwa mzazi, ushauri ni mfupi zaidi. Usianze kwa kukizima kifaa. Keti kando ya mwanao kwa nusu saa, umwombe akuonyeshe mhusika wake na akutajie majina ya wale anaocheza nao. Hata kama atacheka kwa jinsi usivyojua lolote, atakuwa amekukaribisha. Baada ya hapo kuweka saa za kulala, saa za masomo na siku za kupumzika kutakuwa makubaliano kati ya watu wawili wanaofahamiana.

Kwa mgonjwa anayesoma makala haya, na ambaye usiku huu ataingia mtandaoni akiwa na mwili wenye nguvu kuliko alionao, hakuna aibu katika hilo. Ushujaa anaouona kwenye kioo cha simu ulitoka mahali fulani, na mahali hapo ni ndani yake. Amweleze daktari wake kuhusu mhusika huyo. Na daktari aweke kalamu chini kwanza, asikilize.